Jinsi Hewa ya Ukaa Inavyopimwa, na Jinsi Mizani Yake Inavyohakikiwa



Mtu ye yote aliyepata kupeleka mazao yake dukani anaujua ugomvi wa mizani. Mkulima hupima mpunga wake nyumbani kwa pishi yake, akapata pishi 20. Akifika dukani, pishi ya mwenye duka yasema 18. Nani mkweli? Kupiga kelele hakusaidii, wala kuapa hakusaidii. Dawa yake ni moja: kuzichukua pishi zote mbili na kuzilinganisha na pishi ya tatu ambayo watu wote wameikubali. Ndiyo sababu serikali huweka mkaguzi wa mizani, azungukaye na mawe yake ndani ya sanduku. Na mawe yale ya mkaguzi nayo hulinganishwa na mengine yaliyofungiwa katika afisi kuu, mawe ambayo hayatumiki kupimia kitu cho chote cha kuuzwa, yasije yakachakaa.

Leo twataka kuwasimulia habari za mizani ya namna hiyo. Ila kitu kinachopimwa hakionekani kwa macho, hakina harufu, wala hakishikiki mkononi. Kitu hicho ni hewa ya ukaa.

Hewa tuivutayo ni mchanganyiko. Katika sehemu 100 za hewa kavu, kama sehemu 78 ni naitrojeni, na kama sehemu 21 ni oksijeni, ile ituwezeshayo kuishi na iwezeshayo moto kuwaka. Hewa ya ukaa, ambayo wataalamu huiita kaboni dioksidi, ni haba mno. Hutoka katika pumzi zetu na za wanyama, katika kuni na makaa yanayoungua, katika mafuta yaendeshayo magari na mitambo. Na mimea nayo huivuta mchana kwa nguvu ya jua na kuigeuza kuwa majani, mbao na nafaka. Ili mpate kuelewa uhaba wake, fikirini rundo la punje milioni 1 za mchele. Mwaka 1958, kama punje hizo zingekuwa hewa, punje 315 hivi tu ndizo zingekuwa hewa ya ukaa. Katika mwezi wa Mei 2025 zilikuwa kupita 430.

Huenda mtu akasema: punje 100 na zaidi kidogo katika milioni, hilo nalo ni neno? Ni neno kubwa. Hewa ya ukaa huruhusu mwanga wa jua kuifikia ardhi, lakini joto linaloondoka katika ardhi kurudi juu angani huzuiwa nayo kwa sehemu, mfano wa blanketi linavyozuia joto la mwili usiku wa baridi. Mtaalamu wa Uswidi, Svante Arrhenius, alipiga hesabu za jambo hili mwaka 1896. Mwaka 1938 Mwingereza mmoja, Guy Stewart Callendar, ambaye kazi yake ilikuwa uhandisi wa mitambo ya mvuke, alitangaza kwamba makaa ya mawe yanayochomwa viwandani yameanza kuiongeza hewa hiyo, na kwamba dunia inapata joto. Wengi hawakumsadiki. Walidhani bahari itaimeza hewa yote ya ziada. Tena, na hii ndiyo sababu inayotuhusu leo, vipimo vya siku zile havikupatana. Huyu amepima mjini akapata hesabu moja, yule amepima shambani akapata nyingine, wa tatu amepima pale pale siku ya pili akapata ya tatu. Kila mtu alikuwa na pishi yake. Watu wakaona kwamba hewa ya ukaa hubadilika ovyo kama harufu za sokoni, na kwamba hakuna awezaye kusema inapanda au inashuka.

Aliyeukata ugomvi huo alikuwa kijana wa Marekani, Charles David Keeling, mtaalamu wa kemia aliyezaliwa mwaka 1928. Katika miaka ya 1953 hata 1956 alikuwa katika Taasisi ya Teknolojia ya California, katika mji wa Pasadena. Kazi yake ya kwanza ilihusu chokaa iliyoyeyuka katika maji ya mito, na kwa kazi hiyo ilimpasa kujua hewa iliyo juu ya maji ina ukaa kiasi gani. Alipotafuta chombo cha kuaminika hakukiona. Basi akakiunda mwenyewe.

Njia yake ilikuwa hivi. Alichukua chupa ya kioo, kiasi cha lita 5, iliyonyonywa hewa yote ikawa tupu kabisa. Akaenda nayo mahali anapotaka kupima, akaifungua, hewa ya mahali pale ikaingia kwa mvumo, akaifunga. Aliporudi aliipitisha hewa ile katika mabomba yaliyopozwa kwa naitrojeni iliyofanywa maji, ambayo baridi yake yapita baridi yo yote mtu awezayo kuiwaza. Hapo hewa ya ukaa huganda ikawa kama jalidi, na hewa nyingine haigandi, ikafyonzwa na kuondolewa. Kisha jalidi ile huachwa iyeyuke ndani ya chombo kidogo ambacho ukubwa wake umepimwa barabara, na nguvu inavyosukuma huonekana kwa kimo cha zebaki katika bomba la kioo. Akijua ukubwa wa chombo, joto lake na kimo cha zebaki, mtu hupata kiasi cha hewa ya ukaa bila kukisia na bila kumwuliza mtu mwingine. Twawaomba mkikumbuke chombo hiki cha zebaki, kwa maana ndicho mzazi wa mizani zote tutakazozitaja.

Keeling alikwenda na chupa zake katika misitu ya pwani ya California, milimani na jangwani, akapima kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Akaona kwamba usiku hesabu hupanda, kwa kuwa mimea na udongo hutoa ukaa na hewa hutulia karibu na ardhi. Mchana jua likiwaka, mimea huuvuta, na upepo huikoroga hewa ya chini na ya juu. Lakini alasiri, hewa ikiisha kukorogwa vema, kila mahali alipata karibu hesabu ile ile: kama sehemu 310 katika milioni. Msituni 310, mlimani 310, jangwani 310. Kumbe hewa ya ukaa haibadiliki ovyo! Waliobadilika ovyo ni wapimaji na vyombo vyao.

Kwa habari hiyo akaitwa na mabwana wawili, Harry Wexler wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, na Roger Revelle wa Taasisi ya Scripps ya elimu ya bahari, iliyoko La Jolla katika California. Wakati ule mataifa yalikuwa yakitayarisha Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ulioanza Julai 1957 ukaisha Desemba 1958, na zilikuwapo fedha za kupimia dunia. Wakachagua mahali pawili mbali na viwanda na misitu: Ncha ya Kusini, penye barafu tupu, na mlima Mauna Loa katika kisiwa cha Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Kituo cha Mauna Loa kipo mita 3,397 juu ya bahari, katika mawe meusi yasiyoota hata jani.

Tumepata kusikia watu wakiuliza: mtu akipima juu ya mlima mmoja, aweza kusema ameipima dunia? Jibu ni kwamba upepo haujui mipaka. Hewa ya upande wa kaskazini wa dunia huzunguka na kuchanganyika katika majuma machache. Na kati ya kaskazini na kusini huchanganyika kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Kwa hiyo mtu akipata mahali safi, ambapo hakuna moshi wala msitu wa karibu wa kumdanganya, kile anachokipima ni habari ya nchi nyingi pamoja.

Mwezi wa Machi 1958 mashine ya Mauna Loa ilitoa hesabu yake ya kwanza: 313. Mwezi wa Aprili ikapanda kidogo. Mwezi wa Mei ikapanda tena, kisha umeme ukakatika, mashine ikasimama. Ilipowashwa tena baada ya majuma kadhaa, hesabu ilikuwa imeshuka, na ikazidi kushuka. Keeling aliingiwa na hofu, akafikiri huenda ni kweli waliyosema wazee, kwamba hewa hii haina taratibu. Lakini baada ya kupita mwaka, mambo yale yale yakarudi kwa miezi ile ile: kupanda mpaka Mei, kushuka mpaka Septemba na Oktoba, kisha kupanda tena. Hapo akafahamu. Nchi nyingi kavu na misitu mikubwa ya dunia iko upande wa kaskazini. Miti ya huko ikichipua hula hewa ya ukaa, na majani yakipukutika na kuoza huirudisha. Tofauti kati ya kilele na shimo lake pale Mauna Loa ilikuwa kama sehemu 6 katika milioni. Twaweza kusema alikuwa ameiona dunia ikivuta pumzi na kuitoa, mara moja kwa mwaka.

Na juu ya kupanda na kushuka huko aliona jambo la pili, dogo kuliko la kwanza, nalo ndilo lenye uzito. Kila mwaka kilele kilikuwa juu kidogo kuliko kilele cha mwaka uliopita. Katika miaka ile ya mwanzo nyongeza haikufika hata sehemu 1 katika milioni kwa mwaka.

Sasa twafika penye kiini cha mazungumzo yetu. Sehemu 1 katika milioni ni kitu gani? Mashine ikipata joto kidogo yaweza kukosea kwa kiasi hicho. Taa yake ikichakaa yaweza kukosea. Unyevu ukiingia, mpira wa bomba ukipasuka, mpimaji akipumua karibu, hesabu itaharibika. Mtu atajuaje kwamba iliyopanda ni hewa, na kwamba si mizani iliyolegea polepole mwaka hata mwaka? Hili ndilo swali, na asiyeweza kulijibu hana haki ya kuwaambia watu kwamba dunia inabadilika.

Jibu la Keeling lilikuwa kutoiamini mashine hata siku moja. Mashine yenyewe hupima kwa miale ya joto, ile ambayo macho hayaioni lakini mkono huihisi mbele ya moto. Hewa ya ukaa humeza sehemu ya miale hiyo. Hewa ikiwa na ukaa mwingi zaidi, miale humezwa zaidi. Lakini mashine haisemi “kuna sehemu 313.” Husema tu kwamba hewa hii imemeza zaidi au pungufu kuliko ile. Kwa hiyo hewa ya mlimani kwanza hukaushwa kwa kugandishwa maji yake, ikapitishwa katika mashine. Kisha bomba hugeuzwa, na hewa kutoka katika mtungi wa chuma, ambayo kiasi chake cha ukaa chajulikana, ikapitishwa mahali pale pale. Hewa ya mlima, hewa ya mtungi. Hewa ya mlima, hewa ya mtungi. Usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Mashine ikilegea, italegea kwa zote mbili, na hila yake itaonekana mara moja.

Lakini mtungi nao ni nani hata uaminiwe? Hewa ya ukaa hunata katika ukuta wa ndani wa mtungi, na mtungi ukianza kupungua, iliyonata huachia, hewa ikawa si ile iliyotiwa. Kwa ajili hiyo hawautumii mtungi mpaka utupu. Huuacha ungali na akiba, wakaurudisha upimwe tena. Mitungi ya kazi iliyo mlimani hulinganishwa na mitungi mingine isiyotumika sana; hiyo nayo hulinganishwa na mitungi mikuu, ambayo huguswa kwa nadra; na mitungi mikuu hupimwa kwa chombo cha zebaki, ambacho hakilinganishwi na mtungi wo wote, kwa sababu hupima kwa ukubwa, joto na nguvu tu. Ni vile vile kama mawe ya mkaguzi na mawe ya afisi kuu. Chombo kikuu kilikuwa La Jolla hata mwaka 1995. Tangu hapo kazi hiyo, kwa niaba ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, imekuwa katika mji wa Boulder, katika Colorado, penye maabara ya idara ya serikali ya Marekani iitwayo NOAA. Mitungi ya huko hujazwa hewa halisi ya milimani iliyokaushwa, kisha husafirishwa kwenda vituo vya nchi nyingi. Shabaha waliyojiwekea ni kwamba vituo viwili vya upande wa kaskazini vikipima hewa moja, visitofautiane kwa zaidi ya moja ya kumi ya sehemu katika milioni. Yaani punje 1 katika punje milioni 10.

Hata hivyo walikosea, na twapenda kuwaeleza kosa lao, kwa maana wao wenyewe hawakulificha. Mitungi ya kwanza ya Keeling ilijazwa hewa ya ukaa iliyochanganywa na naitrojeni peke yake, bila oksijeni. Ilionekana jambo jepesi na safi. Baadaye ikatambulikana kwamba hewa ya ukaa ikikaa pamoja na naitrojeni tupu humeza miale kwa namna iliyo mbali kidogo na ikikaa katika hewa ya kawaida. Mashine ilikuwa ikilinganisha vitu visivyolingana, na kosa lilikuwa la sehemu kadhaa katika milioni, kupita nyongeza ya mwaka mzima! Je, kazi yote ikatupwa? Haikutupwa, kwa kuwa kila hesabu ilikuwa imeandikwa daftarini pamoja na namba ya mtungi uliotumika siku ile. Wakaipima mitungi upya, wakapata kadiri ya kosa, wakarudi nyuma na kuzisahihisha hesabu zote tangu ya kwanza. Umbo la kupanda na kushuka likabaki lile lile. Kilichohama ni kimo chake.

Na jambo kama hilo limetukia tena katika siku hizi zetu. Wataalamu wa Boulder waliona kwamba katika chombo chao kikuu hewa kidogo ya ukaa ilikuwa ikipotea ndani ya pete za mpira zizibazo maungio. Mwaka 2021 wakatangaza masahihisho: penye sehemu 400, hesabu iliongezwa kiasi cha moja ya tano ya sehemu 1. Kwetu sisi ni kitu kisichofaa hata kutajwa. Kwao ilikuwa ni kufungua daftari za miaka mingi na kuzipiga hesabu zote upya. Kwa maoni yetu, mtu anayekosoa mizani yake mwenyewe mbele ya watu, baada ya kuisifiwa miaka 60, ndiye wa kununua kwake.

Mbali na mashine, walifanya na njia ya pili isiyotegemea ya kwanza. Mara kwa mara mtumishi wa kituo huchukua chupa tupu za kioo, hutoka nje, husimama akiukabili upepo ili mwili wake uwe nyuma ya chupa, huvuta pumzi na kuizuia, kisha ndipo huifungua. Pumzi ya mtu ina hewa ya ukaa kama sehemu 40,000 katika milioni, kiasi cha mara mia kuliko hewa ya nje. Mpumuo mmoja watosha kuiharibu kazi ya siku nzima. Chupa zile hupelekwa mbali zikapimwe. Hesabu ya chupa na hesabu ya mashine zikipatana, vema. Zisipopatana, mmoja amesema uwongo, na watu hawalali mpaka ajulikane.

Mlima wenyewe nao una hila zake. Mauna Loa ni mlima wa moto, na matundu ya kileleni hutoa hewa ya ukaa. Usiku upepo ukiteremka kutoka kileleni huweza kuileta kituoni. Mchana upepo ukipanda kutoka bondeni huleta hewa iliyokwisha kuliwa na mimea. Wasiopenda habari hizi hushika neno hilo na kusema: “Mwapima moshi wa volkano!” Lakini moshi wa volkano huja kwa vishindo, hesabu ikiruka juu na chini dakika hata dakika, na mabomba mawili yaliyowekwa mahali mbalimbali hayapatani, hewa safi ya baharini hutulia kwa saa nyingi pasipo kutikisika. Saa za vishindo hutiwa alama na kuwekwa kando. Tena Ncha ya Kusini haina volkano ya jirani wala mti, nako hesabu hupanda vile vile mwaka kwa mwaka.

Adui mkubwa kuliko moshi alikuwa fedha. Mwaka 1964 fedha zilipunguzwa, na pale Mauna Loa hakukupimwa kitu kwa muda wa miezi mitatu. Ukiitazama picha ya hesabu zile utaliona pengo, nalo halizibiki tena, maana hewa ya miezi ile imekwisha kwenda zake. Baadaye wenye fedha walimwambia Keeling kwamba kupima kitu kile kile kila siku si utafiti, ni desturi tu, na desturi haina haja ya bwana mkubwa. Mnamo mwaka 1998 aliyaandika mashindano hayo kwa urefu, na ukiyasoma waona wazi kwamba yalimchosha kuliko baridi ya mlimani. Tangu Mei 1974 ile idara ya serikali tuliyoitaja ilianza kupima pale pale kwa mashine na mitungi yake yenyewe, naye hakuacha. Hivyo zikawako mizani mbili katika mlima mmoja, kila moja ikimchungulia mwenziwe. Keeling alifariki mwaka 2005, na kazi yake ikaendelezwa na mwanawe, Ralph Keeling, katika taasisi ile ile.

Mwaka 1984 mlima ulipotapika moto, nguzo za umeme ziliangushwa na kazi ikakatika kwa muda. Tarehe 27 Novemba 2022 ukatapika tena. Mawe yaliyoyeyuka yakaifunika barabara, yakakata nyaya za umeme, mashine zikanyamaza. Safari hii watu hawakukubali pengo kubwa. Katika mwezi wa Desemba wapimaji walikwisha kuweka mashine juu ya Maunakea, mlima wa pili wa kisiwa kile ulio upande wa kaskazini, wakaendelea. Na kwa nini hesabu za mlima mwingine zikakubalika kuungwa na zile za kwanza? Kwa sababu mitungi ilikuwa ya ukoo mmoja. Mwaka 2023 upimaji ulirudi Mauna Loa.

Tarehe 9 Mei 2013 wastani wa siku ulivuka 400 pale kwa mara ya kwanza. Wastani wa mwaka 1959 ulikuwa kama 316. Wa mwaka 2024 ulikuwa kupita 424, na nyongeza ya mwaka huo ilipita sehemu 3, hali katika siku za mwanzo ilikuwa pungufu ya 1. Kwamba ziada hii yatoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi ya ardhini, pamoja na misitu inayokatwa, imejulikana kwa njia nyingine, mojawapo ikiwa ni kwamba oksijeni nayo inapungua kadiri inavyotakiwa na moto. Na twaona kwamba nusu hivi ya ukaa wanaoutoa wanadamu hubaki hewani, na nusu nyingine humezwa na bahari na mimea. Nusu hiyo inamezwa wapi? Swali hili hujibiwa kwa tofauti ndogo ndogo kati ya kituo na kituo. Mizani zisipopatana, tofauti ya mizani itadhaniwa kuwa ni msitu unaokula ukaa, na watu watausifu msitu usiokuwapo.

Hapo ndipo neno hili linapoifikia nchi yetu. Afrika ina misitu na mbuga kubwa, na moto wa nyika kila kiangazi, lakini vituo vya kupimia ni vichache mno. Mwaka 1999 kilifunguliwa kituo katika Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya bahari, chini ya idara ya hali ya hewa ya Kenya, kwa msaada wa Uswisi. Na kwa miaka kadhaa hewa yake ilitiwa katika chupa za kioo zikapelekwa Boulder. Katika Rwanda kiko kituo cha mlima Mugogo, mita 2,590, kilichoanza kazi katika mwaka 2013. Kituo cha karibu na ikweta husikia hewa ya kaskazini katika majira fulani na ya kusini katika majira mengine, kufuata zamu ya kaskazi na kusi kama zilivyofuatwa na majahazi.

Lakini juu ya mlima wa ikweta umeme ni wa shida, njia ni matope, na mtungi wa hewa iliyopimwa ni mzito kuupandisha. Katika mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza makisio ya mwaka 2026 ambayo yangeifutia fedha maabara yenye mitungi mikuu pamoja na kituo cha Mauna Loa. Na mizani ya Mlima Kenya ni mjukuu wa mitungi ile ile. Wakaguzi kutoka Uswisi wamekuwa wakija mara kwa mara kwenye kituo chetu na mitungi yao. Hufungua mabomba, huipa mashine ya kituo hewa wanayoijua wao peke yao, wakangoja namba. Kisha tofauti, kama ipo, huandikwa katika taarifa inayosomwa na vituo vyote.